Mwuguzi wa Maniema na Safari ya Kazi Yake



Katika parokia zetu za Maniema ya kusini, tangu Kasongo mpaka Kabambare na Salamabila, mwuguzi hana jina la peke yake. Mtu akivaa koti jeupe na kushika sindano, sote twamwita mganga. Daktari aliyesoma chuo kikuu ni mganga. Mwuguzi aliyetoka shule ya uuguzi ni mganga. Hata kijana afungaye vidonda katika kituo cha msituni ni mganga vilevile. Wageni wakisikia hushangaa, wakidhani hatujui tofauti. Tofauti twaijua sana. Lakini jina hilo lina sababu yake, nayo sababu ni historia. Kwa muda wa miaka mingi mgonjwa wa kwetu hakumwona mganga mwingine ila mwuguzi.

Leo twataka kuisimulia historia hiyo kwa ufupi. Twaisimulia kwa ajili ya swali moja lisikikalo sana siku hizi katika nyumba za watu: Je, mwuguzi aachaye kitanda cha mgonjwa akashika kazi nyingine, amefanya vibaya? Mmoja amekwenda kuwa msimamizi ofisini. Wa pili amefuata mshahara wa shirika la kigeni. Wa tatu amechukua sululu akaenda machimboni kutafuta dhahabu. Watu husema, "Huyu amekimbia." Tusihukumu upesi. Tutazame kwanza mambo ya zamani, maana kazi ya uuguzi katika nchi yetu haikukaa kamwe mahali pamoja.

MGONJWA MMOJA WA KABAMBARE

Mgonjwa wa kwanza wa Kabambare ambaye habari zake zimeandikwa siku kwa siku alikuwa mgeni. Ndiye David Livingstone, Mskoti, aliyekuja Manyema akitafuta mito mikubwa. Katika mwaka 1870 miguu yake iliota madonda mabaya, hata asiweze kukanyaga chini. Akalala ndani ya kibanda tangu tarehe 22 Julai mpaka tarehe 10 Oktoba, yaani siku 80. Dawa aliyoiona inafaa ni jiwe la kijani lenye shaba, lililosagwa kwa maji juu ya jiwe jingine, likapakwa kidondani kwa unyoya.

Tukumbuke kwamba Livingstone mwenyewe alikuwa daktari. Elimu yake ilimwambia ugonjwa ni nini, lakini elimu haiwezi kuchota maji wala kupika uji. Watumishi wake wengi walikuwa wamekwisha kumwacha. Waliobaki naye walikuwa watatu tu: Susi, Chuma na Gardner. Hawakuwa na hati ya shule yo yote ya uganga. Lakini mtu asiyeweza kusimama kwa siku 80 haishi pasipo mikono ya wengine. Hapo twaona mambo mawili ambayo yatatufuata katika habari hii yote. La kwanza ni maarifa ya kutambua ugonjwa. La pili ni kukaa na mgonjwa. Mara nyingine mambo hayo hukutana katika mtu mmoja, mara nyingine hutengana. Na yakitengana mno, mgonjwa hupata hasara.

DAKTARI ALIYEKUWA KATEKISTA

Baada ya miaka michache Kadinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, alijaribu kuyaunganisha. Aliwachukua vijana Waafrika waliokombolewa utumwani, akawapeleka kisiwani Malta wasome uganga, kusudi warudi Afrika wakiwa waganga na makatekista pamoja. Mmoja wao alikuwa Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akakamatwa angali mtoto, akauzwa, kisha Mapadre wakamkomboa huko Algeria. Alimaliza masomo yake Malta mwaka 1888, na mwaka 1889 akafika Karema, ng'ambo ya pili ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Mwenzake aliyeitwa Joseph Gatchi alitumwa upande wetu wa ziwa, huko Mpala.

Atiman alitibu watu wa Karema kwa zaidi ya miaka 60, mpaka alipofariki mwaka 1956. Aliona dawa zikibadilika tangu kwinini mpaka penisilini. Aliona serikali ya Wadachi ikiingia na kutoka, kisha Waingereza. Yeye hakuhama. Alioa hapohapo, na mwana wake akapata upadre. Watu wengi wakisikia habari za Atiman husema, "Ndivyo ipasavyo kila mganga awe: afie pale alipoanza." Nasi twamheshimu sana. Lakini tuseme pia neno hili: Atiman alikuwa na misioni nyuma yake. Alikuwa na nyumba, chakula, na watu waliomwagizia dawa. Uaminifu wake ulikuwa wake mwenyewe, lakini haukuachwa ujitegemee peke yake. Jambo hilo tutalirudia mbele.

PAPASI WA KASONGO

Wakati huo katika Kongo malale yalikuwa yakiua watu wengi. Mwaka 1903 shule ya uganga ya Liverpool huko Uingereza iliwatuma mabwana wachunguze ugonjwa huo. Wawili kati yao, Joseph Everett Dutton na John Lancelot Todd, walipanda mto mpaka wakafika Kasongo. Njiani walichunguza pia homa nyingine, ile homa ya papasi, ambayo humshika mtu, ikamwacha, ikamrudia. Wakaonyesha ya kuwa papasi, wale wadudu wakaao katika nyufa za sakafu na kuta za nyumba, ndio wanaoipeleka homa kutoka kwa mtu hata mtu. Wote wawili waliugua homa hiyohiyo waliyokuwa wakiichunguza. Todd alipona. Dutton alifia Kasongo tarehe 27 Februari 1905, akiwa na miaka 30 tu. Kijidudu cha homa hiyo hata leo chaitwa kwa jina lake katika vitabu vya waganga.

Dutton na Todd walikuwa wamefundisha pia njia rahisi ya kumtambua mwenye malale: kupapasa tezi za shingo. Njia hiyo haikuhitaji chuo kikuu. Ilihitaji vidole vyenye subira, na mtu wa kwenda kijiji hata kijiji. Ndipo serikali ya Wabelgiji ilipoona haina madaktari wa kutosha kwa nchi kubwa namna hii, ikaanza kuwafundisha wenyeji. Vijana walijifunza kupapasa tezi, kutazama damu kwa darubini, kupiga sindano, kuandika majina katika daftari. Na katika hospitali za misioni Masista waliwafundisha vijana kuuguza, na wasichana kazi ya ukunga. Basi mwuguzi wa kwanza wa Kongo hakuwa mtu wa kukaa wodini tu. Alikuwa mtu wa safari, mwenye sanduku kichwani au mgongoni.

MSAIDIZI AGEUKA KUWA DAKTARI

Katika miaka ya 1920 na 1930 masomo yaliongezeka. Mwaka 1926 watu wa Chuo Kikuu cha Louvain cha Ubelgiji walianzisha kazi ya uganga huko Kisantu, na baadaye Katana katika Kivu, jimbo ambalo Maniema yetu ilikuwa sehemu yake zamani. Palikuwa na wauguzi wa daraja la chini, na wauguzi wenye diploma. Juu yao wakawekwa wasaidizi wa madaktari, waliosoma miaka mingi zaidi. Wasaidizi hao walijua kazi karibu yote ya daktari. Walipasua, walizalisha wenye uchungu mgumu, walisimamia wodi nzima. Lakini jina la daktari hawakupewa, wala mshahara wake.

Uhuru ukaja tarehe 30 Juni 1960. Siku ile nchi nzima haikuwa bado na Mkongo mmoja aliyemaliza masomo ya udaktari katika chuo kikuu cha nchi. Wa kwanza wa Lovanium walimaliza mwaka 1961. Katika machafuko ya miezi ile madaktari wengi wa Kibelgiji waliondoka. Hospitali zikabaki na vitanda, na wagonjwa, na wauguzi. Ndipo Shirika la Afya la Ulimwengu lilipofanya jambo la busara. Liliwachukua makumi ya wasaidizi wale, watu wazima wenye wake na watoto, likawapeleka Ufaransa wakamalize masomo. Baada ya miaka michache walirudi wakiwa madaktari kamili.

Je, wale walikimbia? Walipoondoka mwaka 1960 hospitali zao zilikuwa na shida kuliko wakati wo wote. Pengine mgonjwa aliyeachwa alilia. Lakini walikwenda kwa ajili ya mgonjwa, wakarudi kwa mgonjwa. Na wale waliobaki wodini bila kwenda Ufaransa, ambao majina yao hayakuandikwa, ndio waliowezesha safari ile. Mwaka 1964 maasi ya Simba yalipofika Maniema, na wageni wengi wakaondoka tena, mahali pengi aliyebaki na ufunguo wa dispensari alikuwa mwuguzi.

KASONGO YAFUNDISHA ULIMWENGU

Sasa tumefika kwenye habari ambayo watu wa Kasongo wenyewe wengi hawaijui, ingawa katika vyuo vya uganga vya Ulaya imesomwa sana. Mwaka 1971 madaktari, pamoja na Chuo cha Magonjwa ya Nchi za Joto cha Antwerpen, Ubelgiji, walianza kazi mpya Kasongo. Walijiuliza hivi: Kwa nini hospitali imejaa watu wenye homa ndogo na minyoo, na huku mwanamke mwenye uchungu mgumu anafia kijijini? Wakaona ya kwamba hospitali peke yake ni kama nyumba yenye chumba kizuri isiyokuwa na mlango.

Basi wakajenga mlango. Mlango huo ni kituo cha afya karibu na watu, na mwenye kukaa mlangoni ni mwuguzi. Walimtoa mwuguzi katika wodi wakamweka mbele ya mgonjwa, akiwa mtu wa kwanza wa kumsikiliza. Wakampa maandishi yaliyo wazi: ukiona dalili hizi fanya hivi, ukiona zile mpeleke hospitali mara moja. Wakampa kazi ya kuwapima watoto kwa mizani, kuwaangalia wenye mimba, kuchanja. Daktari naye hakubaki kumngoja mgonjwa hospitalini. Ilimpasa atoke kwenda kumtazama mwuguzi kazini, amsahihishe na kumfundisha. Na watu wa kijiji wakaitwa kukaa katika halmashauri ya kituo, waseme shida zao.

Mambo haya yalikuwa magumu kwa wauguzi wengine. Katika hospitali kubwa mwuguzi alikuwa na wenzake, taa, na heshima ya mji. Kituoni alikuwa peke yake na jirani zake. Lakini kazi yenyewe ilionyesha ya kuwa mwuguzi aliyefundishwa vema, aliyepewa maagizo yaliyo wazi, na asiyetupwa peke yake, aweza kuwatibu wengi wa wale wanaokuja, akamwachia daktari wale walio wagonjwa kweli kweli. Mwaka 1978 mataifa yalipokutana Alma-Ata kuzungumza juu ya afya ya watu wote, Kasongo ilikuwa imekwisha kufanya kazi ya namna hiyo kwa miaka. Mwaka 1981 madaktari wa Kasongo waliandika mafundisho waliyoyapata.

Mwaka huohuo waliandika katika gazeti la waganga la Uingereza liitwalo The Lancet habari za surua. Waliwachanja watoto, wakaona vifo vinapungua. Lakini wakauliza swali zito: Je, mtoto dhaifu aliyeokolewa na surua leo hatakufa kesho kwa ugonjwa mwingine? Swali hilo lilileta ubishi mkubwa, na wataalamu wengine wakazipima hesabu upya. Leo hapana shaka tena ya kuwa chanjo ya surua huokoa maisha ya watoto wengi sana. Lakini swali la Kasongo lilikuwa na faida yake kwa mwuguzi: asimtazame mtoto kama mkono wa kupigwa sindano tu. Amtazame anakula nini, ana uzito gani, mama yake ana hali gani.

Katika miaka ya 1980 nchi nzima iligawanywa kuwa zoni za afya 306, kwa mfano unaofanana na wa Kasongo: hospitali moja ya kupokea wagonjwa wazito, na vituo vyake pande zote. Leo zoni hizo zimepita 500. Maniema ina 18, na baadhi yake ni Kasongo, Kunda, Samba, Lusangi, Kabambare, na Saramabila, kama maandishi ya serikali yanavyoiita Salamabila yetu. Basi kila mama anayempeleka mtoto kituoni kabla ya hospitali anatembea katika njia ambayo Kasongo ilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuikata.

MANENO YA MZEE MMOJA

Yako maneno ambayo vitabu haviyasemi. Tulizungumza na mzee mmoja wa pande zetu, aliyefanya kazi ya uuguzi tangu miaka ya 1980 hata juzi. Jina lake hatulitaji, maana hakupenda litajwe. Alianza akiwa mfagiaji wa hospitali moja. Akasoma, akapata diploma ya A2, akakaa wodi ya watoto, kisha wodi ya waliopasuliwa. Baadaye akapewa kituo cha msituni, akakiongoza wakati wa vita vya 1996 mpaka 2003. Mwisho akawa msimamizi, akipita kwa pikipiki kuwaangalia wauguzi wa vituo vingine.

Tulimwuliza, "Baba, katika kazi hizo zote, ipi ilikuwa uuguzi hasa?"

Akacheka kidogo. "Ninyi mwadhani uuguzi ni wodi. Wodi ilinifundisha usiku. Mchana mgonjwa ana ndugu, ana daktari anayepita, anajikaza. Usiku anasema kweli. Ukitaka kujua nani atakufa, usitazame karatasi iliyo kitandani. Simama kimya saa 9 ya usiku usikilize pumzi."

Juu ya kituo alisema, "Hospitalini nilikuwa mkono. Daktari alisema, nami nikafanya. Kituoni sikuwa na wa kumwuliza. Mwanamke analetwa kwa kipoyi, amelowa damu, waume wanne wanakutazama. Hapo lazima useme: abaki, au achukuliwe tena. Ukisema achukuliwe, ni mwendo wa siku nzima, na njiani kuna watu wenye bunduki. Nilijifunza kusema upesi. Mwuguzi anayekawia kusema 'hili limenishinda' ni hatari kuliko asiyejua kitu."

Na juu ya usimamizi je? "Mwanzo niliona aibu. Nilisema, sasa mimi ni mtu wa karatasi. Mwezi mmoja nikasoma daftari la kituo fulani, nikaona homa imepungua kuwa nusu. Wakubwa wangefurahi. Mimi nilikuwa nimekaa kituoni miaka mingi, nikajua homa haipungui nusu wakati wa mvua. Nikaenda. Kumbe bei ya daftari la mgonjwa ilikuwa imepandishwa, na mama walikuwa wakibaki nyumbani na watoto wao. Homa haikupungua; waliokuja ndio waliopungua. Kama msimamizi angekuwa mtu asiyewahi kushika mgonjwa, angeandika: kazi njema."

Kisha akatueleza habari ya dhahabu bila kuulizwa. Ulikuwapo mwaka ambao mshahara haukuja kwa miezi mingi, na watoto wake walirudishwa kutoka shuleni kwa sababu ya karo. Akaenda machimboni. "Nilikaa miezi minne," alisema. "Juma la kwanza nilichimba. Juma la pili kijana mmoja alikatwa na sululu mguuni, nikamfunga. Tangu siku ile kila jioni walipanga mstari mbele ya hema yangu: kuhara, homa, kikohozi cha vumbi, wasichana wenye magonjwa ya aibu. Nilikuwa nawatibu bila dawa, bila darubini, bila hospitali ya kuwapeleka. Nikasema moyoni, kama ni kutibu, heri nitibu mahali penye dawa. Nikarudi. Lakini msiandike kwamba nilirudi kwa sababu ya utakatifu. Nilirudi kwa sababu halmashauri ya kijiji ilinijia ikasema: rudi, tumekulimia shamba la mihogo, na nyumba tumeiezeka."

Wasomaji, maneno hayo ya mwisho twaomba myashike.

HUKUMU ILIYO HAKI

Sasa twaweza kulijibu swali letu. Katika historia hii mwuguzi amebadili kazi mara nyingi. Amekuwa mchukuzi wa sanduku, mtazamaji wa darubini, msaidizi, daktari, mkuu wa kituo, msimamizi. Kama kubadili kazi kungekuwa dhambi, Kongo ya mwaka 1960 isingepata madaktari wake upesi namna ile, wala Kasongo isingekuwa na vituo. Hatuna budi kuuliza maswali mengine: Je, kazi mpya inamkaribisha kwa mgonjwa, au inamtenga naye? Na kitanda alichokiacha, nani anakikalia?

Msimamizi aliyewahi kuuguza anawasaidia wagonjwa ambao hatawaona kamwe. Huyo hakukimbia. Mwuguzi wa A2 aendaye kusoma A1 akarudi, hakukimbia. Hata yule afanyaye kazi na shirika la kigeni tusimlaumu bure. Mwaka 2019, wakati wa vurugu za silaha, shirika la Médecins Sans Frontières lilikuwa likitibu watu hapa Salamabila, na wagonjwa wetu walipata msaada. Lakini mashirika kama hayo huja wakati wa shida kubwa, nayo huenda zake. Kituo cha kijiji hubaki. Kwa hiyo mwenye kuondoka azungumze kwanza na wenzake, akabidhi madaftari na dawa, amfundishe atakayemfuata. Kuondoka usiku na ufunguo mfukoni, huko ndiko kukimbia.

Na yule aendaye dhahabuni? Hapa hukumu haiwezi kumwangukia yeye peke yake. Watu huchimba dhahabu ya Namoya tangu zama za Wabelgiji, nayo iko karibu nasi. Mvuto wake ni mkubwa. Wauguzi wengi wa nchi yetu hawapati mshahara wa serikali, au wapata kidogo usiotimiza mwezi, nao huishi kwa fedha ya wagonjwa. Tangu mwaka 2016 iko sheria iliyoanzisha baraza la wauguzi wa nchi, ili kulinda heshima ya kazi na kuwarudi wanaoiharibu. Ni jambo jema. Lakini sheria ya Kinshasa haiezeki nyumba ya mwuguzi wa kijijini.

YATUPASAYO SISI

Tulisema Atiman alikuwa na misioni nyuma yake. Mwuguzi wa leo ana nani? Kama hana serikali iliyo karibu, basi ana sisi, jirani zake. Haya ndiyo tunayoweza kuyafanya bila kungoja mtu wa nje.

Kwanza, twende katika mikutano ya halmashauri ya afya. Mara nyingi viti vyake ni vitupu, kisha twalalamika kwamba dawa zimeuzwa. Anayeacha kiti chake hawezi kujua daftari linasema nini.

Pili, tuanzie kituoni. Tukimpita mwuguzi wetu na kwenda moja kwa moja hospitali kwa homa ndogo, twamnyima riziki, na twamchosha daktari ambaye angempasua mwenye uchungu mgumu.

Tatu, tuwakatae wapiga sindano wa sokoni, wasio na shule wala daftari. Bei yao ni ndogo siku ya kwanza tu. Sindano chafu, au dawa isiyo yake, yaweza kumgharimu mgonjwa uhai.

Nne, kijiji kimtunze mwuguzi wake kwa vitu vinavyoonekana: nyumba isiyovuja, shamba dogo, karo ya mtoto mmoja mwaka ambao mshahara haukuja. Jumuiya ndogo za Wakristo zaweza kupeana zamu, na watu wa dini nyingine wataungana nasi, maana malaria haimwulizi mtu sala yake.

Tano, msichana mwenye akili anayetaka kuingia shule ya uuguzi asizuiwe kwa kuambiwa aolewe kwanza. Wako mama wengi wanaokufa kwa aibu ya kumwonyesha mwanamume ugonjwa wao.

Na kwa vijana wanaotaka kuishika kazi hii twasema: ingieni mkijua ya kuwa mtahamishwa. Mtaanza wodini, mtapelekwa msituni, pengine mtaishia mezani pa karatasi. Kila mnapohamishwa chukueni kitu kimoja kutoka kule mlikotoka, kama mzee wetu alivyochukua masikio ya usiku kutoka wodini akayapeleka kituoni, na macho ya kituoni akayapeleka ofisini.

Sasa mzee huyo anakaa nyumbani kwake. Hana koti jeupe tena, lakini asubuhi bado watoto huletwa uani pake na mama zao. Yeye huwashika paji la uso, huhesabu pumzi, kisha huwaambia mama, "Nendeni kituoni sasa hivi, kijana wa pale anajua kazi. Nimemfundisha mimi."